TAHARIRI: ALIYEFILISIKA ATAITOA WAPI ADA YA RUFAA?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mbora wa wenye kuhukumu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Miongoni mwa mambo ambayo akili timamu huyakataa bila ya kuhitaji dalili ndefu, ni mtu kuambiwa athibitishe kuwa hana kitu kwa kutoa kitu. Mtu amefilisika. Amekwenda mwenyewe mbele ya hakimu kukiri kuwa madeni yamemshinda. Mali yake imeandikwa, ikahesabiwa, ikawekwa chini ya msimamizi. Kisha hakimu anatoa amri ambayo mtu huyo anaona imemdhulumu: pengine imeruhusu nyumba yake iuzwe, pengine imekataa kumfutia deni. Sheria inamwambia: "Una haki ya kukata rufaa." Akifika dirishani kwa karani anaambiwa: "Lipa kwanza."

Mwezi huu tumeona ni wajibu wetu kulizungumza jambo hili kwa mfano wa Marekani, kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni kuwa ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili, kutoka pwani yetu, kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, leo wanaishi huko, na wapo kati yao ambao madeni yamewaelemea. Ya pili, ni kuwa nchi ile imebishana kuhusu suala hili hadharani kwa zaidi ya miaka mia moja, ikaufungua mlango, ikaufunga, ikaufungua tena nusu. Mwenye kutaka ibra ataipata katika historia hiyo.

MLANGO ULIOFUNGWA MIAKA SITINI

Mwaka 1892 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kumruhusu fukara kuendesha shauri katika mahakama za shirikisho bila ya kulipa ada, madhali ameapa kuwa hana uwezo. Sheria ya ufilisi ya mwaka 1898 nayo ilimkubalia mdaiwa kufungua shauri lake kwa kiapo cha namna hiyo. Kwa hiyo wale walioitunga sheria mwanzoni walilifahamu jambo lililo wazi: mlango wa mufilisi hauwezi kuwekewa kizingiti cha fedha.

Mwaka 1946 mambo yakageuka. Ilitungwa sheria mpya ya kuwalipa mishahara maofisa waliokuwa wakisikiliza mashauri ya ufilisi, na ikaamuliwa kuwa mfumo huo ujilipie wenyewe kutokana na ada. Msamaha wa mafukara ukaondolewa. Kilichobaki ni ruhusa ya kulipa kwa mafungu. Tangu hapo, mtu aliyekuwa na deni na fedha kidogo aliweza kufilisika kisheria, na yule aliyekuwa na deni bila ya senti moja hakuweza.

Dhulma hiyo ilifika mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani, ikaamuliwa Januari 10, 1973. Mlalamikaji alikuwa mkazi wa New York, asiye na kazi tangu mwaka 1969, mwenye mke, watoto na mama wa kuwatunza, na deni la zaidi ya dola 6,400. Familia ilikuwa ikiishi kwa msaada wa serikali. Ada iliyotakiwa ilikuwa dola 50. Hakimu wa ngazi ya chini alikuwa amempa haki. Serikali ikakata rufaa, na majaji watano kati ya tisa wakaiunga mkono Serikali.

Hoja ya walio wengi, iliyoandikwa na Jaji Harry Blackmun, ilikuwa hii. Mwaka 1971 Mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeamua kuwa fukara asizuiwe kuvunja ndoa kwa kukosa ada, kwa kuwa ndoa haivunjiki huko ila kwa amri ya mahakama. Lakini deni, wakasema, si kama ndoa. Mdaiwa anaweza kukaa na wadai wake wakasikilizana bila ya kumhitaji hakimu. Wakaongeza kuwa dola 50, zikigawanywa kwa miezi tisa, hazifiki dola moja na senti thelathini kwa wiki, kiasi ambacho ni pungufu ya bei ya tiketi ya sinema na kinazidi kidogo tu thamani ya pakiti moja au mbili za sigara.

Tunamuomba msomaji aitazame hoja hiyo kwa makini, maana ndani yake umo msiba mzima. Hivi mdai gani atakaa kusikilizana na mtu asiye na chochote cha kutoa? Na ni nani aliyewaambia majaji kuwa fukara yule alikuwa akienda sinema?

Majaji wanne walipinga. Jaji Potter Stewart alieleza kuwa maana ya uamuzi ule ni kwamba wapo mafukara ambao ufukara wao umezidi hata wasistahiki kufilisika. Jaji Thurgood Marshall naye alisema kuwa yeyote aliyewahi kuwa karibu na maskini anafahamu jinsi wengi wao wanavyoishi kwenye ukingo, na kwamba ni fedheha kuifasiri katiba kwa kujengea juu ya dhana zisizo na msingi kuhusu maisha ya watu. Jaji huyo ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza kuketi katika Mahakama ile, na si mgeni kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1960 alikuwa London, kwenye mkutano wa Lancaster House, akiwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya, na akawaandalia rasimu ya haki za raia.

RUFAA NDIYO ILIYOPATA PIGO ZAIDI

Haukupita muda. Machi 1973 Mahakama hiyo hiyo ilipokea malalamiko kutoka jimbo la Oregon ya watu waliopunguziwa msaada wa kujikimu. Walitaka kukata rufaa na wakashindwa kulipa ada ya dola 25. Kwa kura tano dhidi ya nne tena, wakaambiwa walipe. Hivyo ikathibiti kuwa katika mashauri ya fedha na mali, haki ya rufaa inaweza kuuzwa, na asiye na thamani yake arudi nyumbani.

Ni kweli kuwa si rufaa zote zilizotendewa hivyo. Tangu mwaka 1956 Mahakama hiyo ilishaamua kuwa mshitakiwa wa jinai asinyimwe rufaa kwa sababu hakuweza kununua nakala ya mwenendo wa kesi. Mwaka 1996, katika shauri la mama mmoja wa Mississippi aliyeondolewa haki ya uzazi juu ya watoto wake na kutakiwa alipe zaidi ya dola 2,300 za kuandaa kumbukumbu za rufaa, Mahakama iliamua kuwa mama huyo asikilizwe bila ya malipo. Tunaipongeza hukumu hiyo. Lakini tunauliza: mtu ambaye amri ya hakimu inamtoa yeye na watoto wake katika nyumba yao, je, kinachopotea hapo ni fedha tu?

SHERIA YA MWAKA 2005

Kile ambacho Mahakama ilikataa kukitoa, Bunge lilikitoa baadaye kwa kalamu. Aprili 2005 ilitiwa saini sheria mpya ya ufilisi, na sehemu kubwa yake ikaanza kutumika Oktoba 17 mwaka huo. Sheria hiyo kwa ujumla ilikuwa kali kwa wadaiwa. Iliweka kipimo cha kipato, ikalazimisha mashauriano kabla ya kufungua shauri, ikazidisha makaratasi. Lakini ndani ya ukali huo kulikuwa na kifungu kimoja cha huruma: hakimu anaweza kumsamehe ada ya kufungua shauri mtu binafsi anayefilisika chini ya Sura ya 7, ikiwa kipato cha nyumba yake kiko chini ya asilimia 150 ya kiwango rasmi cha umaskini na ikiwa hawezi kulipa hata kwa mafungu. Ada hiyo ilipandishwa hadi dola 338 Desemba 2020. Mwenye kuweza mafungu huruhusiwa kulipa kwa awamu zisizozidi nne, kwa kawaida ndani ya siku 120.

Na hapa ndipo penye faida ambayo wengi hawaijui. Kifungu hicho hakikuishia kwenye ada ya kufungua shauri. Kinasema pia kuwa mdaiwa wa aina hiyo anaweza kusamehewa na ada nyingine, na ada ya rufaa ni miongoni mwake. Ada hiyo si ndogo, kwani kwa miaka mingi imekuwa dola 298: dola tano za notisi yenyewe na dola 293 za kuandikisha rufaa. Ama yule ambaye hakuingia chini ya Sura ya 7, kwa mfano aliye katika Sura ya 13 ya kulipa madeni kwa mpango wa miaka, kifungu hicho cha huruma hakimhusu moja kwa moja. Njia yake ya kawaida ni kuomba aendeshe rufaa kwa ufukara, kwa ile sheria ya asili ya mwaka 1892. Baadhi ya mahakama za rufaa zimeamua kuwa hakimu wa ufilisi hana mamlaka ya kutoa ruhusa hiyo, na hivyo ombi hupelekwa kwa Mahakama ya Wilaya ya shirikisho.

Tazameni basi neno lililotumika: "anaweza". Sheria haikusema "lazima amsamehe". Fukara aliyetimiza masharti yote bado amesimama mbele ya hiari ya mtu. Hiari ikiwa mkononi mwa mwadilifu huwa rehema, na ikiwa mkononi mwa mwenye moyo mgumu huwa ni mlango mwingine uliofungwa.

SIKU KUMI NA NNE

Tunajua kuwa miongoni mwa wasomaji wetu wapo ambao jambo hili kwao si mjadala wa vitabuni. Tumeona tuyaandike yale ya msingi kwa uwazi, ili mtu asipoteze haki yake kwa kutojua. Haya hayachukui nafasi ya wakili.

Kwanza, muda. Notisi ya rufaa lazima imfikie karani wa Mahakama ya Ufilisi ndani ya siku 14 tangu amri ilipoingizwa katika daftari la mahakama. Zamani zilikuwa siku 10, zikaongezwa Desemba 2009. Hesabu huanza siku inayofuata, na siku zote huhesabiwa, Ijumaa na Jumapili pia. Siku ya mwisho ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya kisheria, muda husogea hadi siku ya kazi inayofuata. Na ifahamike kuwa Idi si sikukuu ya kisheria katika mahakama za shirikisho. Mwenye kungoja Idi ipite huenda akakuta na haki yake imepita. Tena, kwa mtu aliye huru, kutia barua posta hakutoshi. Kinachohesabiwa ni siku karani alipoipokea.

Pili, ombi la msamaha wa ada halisimamishi saa. Baadhi ya watu hupeleka ombi la msamaha, wakakaa kungoja jibu, wakidhani notisi itafuata baadaye. Huko ni kujiangamiza. Notisi na ombi vipelekwe pamoja, siku moja. Kanuni zinaeleza kuwa kitu kinachoifanya rufaa iwe hai ni notisi iliyofika kwa wakati. Upungufu mwingine, ikiwemo ada, hauiui rufaa papo hapo, ingawa mahakama inaweza kuifuta baadaye kama haukurekebishwa.

Tatu, nyongeza ya muda. Aliyechelewa kwa udhuru unaokubalika anaweza kuomba ndani ya siku 21 baada ya zile 14 kwisha. Lakini zipo amri ambazo hazina nyongeza ya namna hiyo, na miongoni mwake ni amri ya kumuondolea mdaiwa kinga dhidi ya mdai na amri ya kuruhusu mali iuzwe. Kwa maneno mengine, pale ambapo nyumba iko hatarini zaidi, ndipo muda ulipo finyu zaidi.

Nne, kukata rufaa peke yake hakuzuii amri kutekelezwa. Anayetaka utekelezaji usimame lazima aombe zuio, na kwa kawaida huanza kwa hakimu yule yule aliyetoa amri. Wangapi wameshinda rufaa baada ya mali kwisha kuuzwa!

Tano, nani atasikiliza. Rufaa huenda kwa jaji wa Mahakama ya Wilaya. Katika baadhi ya maeneo, kama vile majimbo ya magharibi, lipo pia jopo la mahakimu watatu wa ufilisi wanaosikiliza rufaa, isipokuwa mmoja wa wahusika akichagua kwenda Mahakama ya Wilaya. Ndani ya siku nyingine 14 baada ya notisi, mrufani hutakiwa ataje nyaraka anazozitegemea na hoja anazozilalamikia.

Sita, na hili ni zito: ombi la msamaha ni kiapo. Mtu huandika kipato chake, cha mkewe, fedha zilizo benki, gari, vyombo na madeni, kisha hutia saini akijua kuwa uwongo ni jinai. Kuficha mali katika shauri la ufilisi ni kosa linaloweza kumpeleka mtu jela hadi miaka mitano. Na tunamuonya kwa nguvu anayeandikisha gari kwa jina la shemeji yake wiki moja kabla ya kwenda mahakamani, kisha akaapa kuwa hana kitu. Huyo amekula haki za wadai, amemdanganya hakimu, na amewaharibia mafukara wa kweli, kwani kila mwongo mmoja anayegundulika huwafanya mahakimu wawatilie shaka wakweli kumi.

MAJIBU KWA WENYE KUPINGA

Wapo wasemao: mahakama zina gharama, na asiyelipa ada anawabebesha wengine. Tunajibu: uadilifu ni huduma ya umma mzima. Anayefaidika na mahakama si mrufani peke yake. Hukumu ya rufaa inayosahihisha kosa humnufaisha kila atakayekuja baadaye na jambo mfano wa lile. Na kama tukikubali kuwa mwenye kuitumia ndiye aigharimie, basi kesho tutamwambia aliyeibiwa awalipe polisi kwanza.

Wapo wasemao: mlango ukiwa bure, wakorofi watajaza mahakama kwa rufaa zisizo na maana. Hoja hii ina uzito, nasi hatuidharau. Lakini sheria yenyewe imeshaweka kichujio chake. Hakimu wa chini akithibitisha kwa maandishi kuwa rufaa haina nia njema, yaani haina hoja ya kisheria inayostahiki kusikilizwa, msamaha wa ufukara unaweza kukataliwa. Hicho ni kipimo cha haki, kwa sababu kinaitazama hoja. Ama ada, yenyewe huutazama mfuko. Tajiri mkorofi mwenye hoja ya upuuzi hulipa dola 298 bila ya kuzihisi, akaingia. Mjane mwenye hoja ya kweli akabaki nje. Je, hapo wamechujwa wakorofi au wamechujwa maskini?

Wapo pia wasemao: mtu aliyekopa akashindwa kulipa hastahiki kuhurumiwa zaidi. Hawa wamesahau kuwa kufilisika hakuna mlango mmoja. Yuko aliyefuja, na yuko aliyeugua, aliyeachishwa kazi, aliyeungua duka, aliyemdhamini nduguye akatoroka. Rufaa inauliza swali moja tu: je, hakimu alihukumu sawasawa? Na swali hilo jibu lake halitegemei tabia ya mrufani.

MSIMAMO WA DINI YETU

Suala hili limeigusa sheria yetu tangu zama za Mtume (S.A.W.). Aya ya 280 ya Suratul-Baqara imeamrisha kuwa mdaiwa aliye katika dhiki apewe muhula mpaka apate nafasi, na ikaeleza kuwa kumsamehe ni kheri zaidi. Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa mtu mmoja alipata hasara katika matunda aliyoyanunua, madeni yakamzidi. Mtume (S.A.W.) akawahimiza watu wamsaidie kwa sadaka. Yaliyopatikana yalipokuwa hayatoshi, aliwaambia wadai wachukue walichokikuta, na kwamba hawana zaidi ya hicho. Hapo hatusikii kuwa mufilisi yule alitozwa chochote ili ahukumiwe. Na mafuqaha walipoandika milango ya taflisi, walimwachia mdaiwa nguo zake na chakula chake na cha watu wake, kwa sababu deni haliondoi ubinadamu.

Kadhalika asili katika ukadhi ni kuwa riziki ya kadhi itoke Baytul-Mali, ili asiwe na haja kwa mwenye shauri. Na katika barua mashuhuri iliyopokewa kutoka kwa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) kwenda kwa Abu Musa Al-Ash'ari, barua ambayo Ibnul-Qayyim aliishereheshea kwa urefu, yamo mambo mawili yanayotuhusu hapa. La kwanza ni kuwa watu wawe sawa mbele ya uso wa kadhi na katika majlisi yake, ili mnyonge asikate tamaa na uadilifu wake. La pili ni kuwa hukumu aliyoitoa jana isimzuie kuirejea haki pindi ikimbainikia leo. Kuirejea haki ndiyo roho ya rufaa. Basi vipi roho hiyo iwekewe bei?

Hata hivyo, insafu inatutaka tuliseme na upande wa pili. Amri ya mahakama ya kufuta deni humuokoa mtu na wadai wake hapa duniani. Wanavyuoni wengi wanaona kuwa iliyobaki ya haki ya mja hubakia katika dhima yake, na akipata uwezo siku za mbele anatakiwa ailipe, isipokuwa mdai amemsamehe. Tunazungumzia mtaji halisi wa mdai, ama riba hatuitambui. Kwa hiyo anayekwenda mahakamani kwa dhiki ya kweli aende bila ya haya, lakini aondoke na nia ya kulipa. Na mwenye uwezo anayekawiza, huyo ni dhalimu, na hana sehemu katika maneno yetu haya.

TUNACHOTAKA

Tunawataka mahakimu na watunga sheria wa huko waligeuze lile "anaweza" liwe "lazima" kwa aliyetimiza masharti, na msamaha wa ada ya rufaa uwe ni wa moja kwa moja kwa yule ambaye mahakama yenyewe ilishamkubali kuwa fukara alipofungua shauri. Mtu yule yule, mahakama ile ile, umaskini ule ule. Kwa nini aapishwe mara ya pili? Kenya imelisema jambo hili waziwazi katika Kifungu cha 48 cha Katiba yake ya mwaka 2010: Serikali ihakikishe watu wote wanaifikia haki, na kama ada inatozwa iwe ya wastani na isiwe kikwazo. Kauli kama hiyo ikiwa imeandikwa Nairobi, haishindikani kuandikwa Washington. Na sisi wa huku tusijisifu mapema, kwani kifungu kizuri kisichofika kwenye dirisha la karani hakimfai mtu.

Tunawataka wasimamizi wa misikiti na jumuiya zetu zilizoko Marekani wakumbuke kuwa wenye madeni, al-gharimina, ni miongoni mwa mafungu manane ya wastahiki wa Zaka yaliyotajwa katika Suratut-Tawba, aya ya 60. Tunauliza: ni mara ngapi katika mwaka fungu hilo hutajwa mimbarini, na ni mara ngapi hutolewa? Dola 298 za kuinusuru nyumba ya familia si jambo la kulishinda kundi la waumini wanaochangia maelfu kwa mazulia na taa.

Tunawataka vijana wetu waliosoma sheria watenge japo saa chache kwa mwezi, wakae katika ofisi ya msikiti, wamsaidie mzee asiyejua Kiingereza kujaza fomu na kuhesabu siku zake. Elimu ina zaka yake.

Na wewe ndugu yetu uliyeipokea amri hiyo na unaisoma tahariri hii ukiwa na bahasha mezani: itazame tarehe. Usione haya kuomba msamaha wa ada, kwani hujaomba sadaka, umeomba usikilizwe. Sema kweli katika kila mstari wa kiapo chako. Tafuta wakili wa msaada wa kisheria leo hii, na ukimkosa, peleka notisi yako mwenyewe kabla ya siku ya kumi na nne. Kisha mtegemee Mwenyezi Mungu, ambaye mlangoni kwake hakuna karani wala ada.

Wabillahi tawfiq.